Hewa ya Meza ya Gundi

Tarehe 3 Februari

Kitinda,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba. Mimi mzima, watoto wazima, paa linavuja palepale pa mwaka jana. Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu hukaa kwa mlinzi wa geti tangu asubuhi mpaka jioni, na ile ya ofisini kwako hupokelewa na kila mwenye mdomo.

Leo msimamizi ametuita sote kumi na mmoja wa chumba cha gundi akatusomea karatasi. Mkaguzi wa usalama na afya kazini anakuja mwezi huu, atapima hewa. Akasoma na jina la mkaguzi, nami nikashika ukingo wa meza. Nikawaambia wenzangu, huyo bwana mkubwa mnayesomewa nimemtawaza mimi kwa mikono hii. Wakacheka mpaka msimamizi akauliza kuna sherehe gani.

Hujawahi kuingia chumba chetu, basi nikueleze usije ukatuaibisha kwa kushangaa. Kiko juu, ngazi kumi na nne kutoka stoo. Meza ni moja, ndefu, imefunikwa bati, na sisi tumekaa pande mbili tukitazamana kama wakwe. Viatu vyeusi vya shule vinatufikia bila soli, soli zinakuja kwenye kreti. Unapaka gundi huku, unapaka kule, unaweka chini, unasubiri. Kwenye kusubiri ndipo penye ufundi. Ukibandika mapema soli inateleza, ukichelewa haishiki. Sisi hatutazami saa. Gundi mbichi inanuka kali, inachoma pua, na ikifikia pale panapotakiwa ile harufu inakatika ghafla. Harufu ikikatika, bandika. Mimi ndiye ninayesema "bandika" kwa meza nzima, miaka kumi na sita sasa, ndiyo maana hapa jina langu la kuzaliwa hakuna alijuaye. Naitwa Pua. Kwa hiyo ukikuta barakoa zimening'inia shingoni usitoe macho. Aliyejifunika pua kazi yetu haiwezi.

Jambo ninalotaka ulijue ni hili. Kiwanda cha kandambili cha ng'ambo ya barabara kilikaguliwa mwaka juzi, kikapigwa kufuli wiki mbili "za marekebisho". Kufuli lipo mpaka leo, na akina mama wa pale wanazunguka kufulia watu nguo. Mimi ni mama asiye na mume, na mezani hapa wa namna yangu tuko sita. Njoo upime, unywe chai, uende. Usije ukatumwagisha unga.

Dada yako

*

Tarehe 10 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango.

La kwanza nilimalize. Nilimwambia mkuu wangu kwamba pale yuko dada yangu wa tumbo moja, nikaomba atumwe mwingine. Akaniuliza, mwingine yupi? Tuko wakaguzi wawili kwa wilaya tatu, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Akasema nenda, mradi usipendelee. Basi nakuja tarehe 21.

Nitakuja na pampu kumi na moja. Usicheke, si za baiskeli. Ni kidude cha kuvaa kiunoni, ukubwa wa kipande cha sabuni, kina mpira mwembamba unaopanda mpaka kwenye kola, karibu na mdomo. Kinavuta hewa ileile unayovuta wewe, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Jioni nazikusanya napeleka maabara. Sheria inanitaka nikae chumbani muda wote na kuandika kila nusu saa. Kiwanda hakifungwi kwa kupimwa, Dada. Cha kandambili kilifungwa kwa sababu mwenyewe aliona nafuu kuhama kuliko kununua bomba la kuvutia hewa. Habari hiyo mtaani haikufika.

Sasa nakuuliza kama ndugu. Ulipokuja kwenye msiba wa shangazi, nilikuona ukitoka uani. Kandambili yako ya kushoto ilikuvuka kizingitini. Ukaenda hatua nne, tano, pekupeku mguu mmoja, mpaka mwanangu akakukimbilia nayo. Sikusema kitu mbele za watu. Miguu ina nini? Ziko gundi ambazo dawa yake ya kuyeyushia hula mishipa ya fahamu. Huanzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda, ikaingia vya mikono. Haiumi, na ndio ubaya wake. Kwenye fomu niliyomtumia meneja kuna swali la ganzi. Tafadhali jibuni ukweli.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Februari

Kitinda,

Mimi mzima. Kandambili ile ni ya mwaka uliopita huko, imechoka kuliko mimi. Ukiwa na mguu wa mtu mzima ndani ya kiatu cha mtoto, ndivyo mambo yanavyokuwa. Umesoma sana mpaka ukiona mtu anapiga miayo unamtafutia ugonjwa.

Fomu tumejaza. Nilizikusanya mwenyewe. Ganzi: Hapana, kumi na moja. Kizunguzungu: Hapana, kumi na moja. Tuna afya kama punda.

Nina ombi, na nisingeliandika kama si lazima. Chumba chetu mchana kina joto la kuivishia matofali. Kuanzia saa tano sisi hulegeza nguo, tukabaki na kanga na aproni. Wote ni wanawake, hakuna anayeona haya. Sasa wewe ukikaa pembeni na kalamu yako tangu asubuhi mpaka jioni, dada yako nikae namna gani? Wamenituma nikuambie. Asubuhi uwepo, tuvalishe vidude vyako. Mchana ukakae stoo kwa mtunza stoo, ni mzee wa maneno mengi, hutachoka. Saa tisa u nusu upande, ukohoe ngazini. Mimi nimekubeba mgongoni, sitaki uniaibishe mbele ya watu ninaowaongoza.

Dada yako

*

Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Majibu ya maabara yametoka, na nakupa kabla meneja hajayabandika ukutani. Hewa yenu ni safi. Si safi ya kubahatisha, ni chini ya kiwango kwa mbali sana. Nilipofungua bahasha nilicheka peke yangu kama mwehu, maana siku ile nilipofungua tu mlango wenu macho yalinitoka machozi, na nikajiambia, hapa nakwenda kumfungia dada yangu kazi. Basi macho si kipimo. Namba zimesema, na mimi nimetia sahihi. Hati itadumu miaka miwili.

Kuna kitu kinanikera kidogo, nikiseme kiishe. Mwishoni mwa ripoti kuna mstari: "Mkaguzi alikuwepo chumbani muda wote wa kipimo." Nimetia alama ya ndiyo. Wewe unajua nilikuwa wapi kuanzia saa tano. Mtunza stoo alinisimulia habari za ndoa zake zote tatu. Nilijiambia kwamba pampu haihitaji kutazamwa ili ivute, na kwamba siwezi kumkodolea macho mwanamke aliyeniogesha. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu siku ile.

Na kingine cha kuchekesha. Mezani kuna wanaokaa jirani na makopo ya gundi na kuna wanaokaa mwisho kabisa. Nilitegemea namba zipishane. Zimelingana karibu zote, kama kwamba nyote kumi na mmoja mlikalia kiti kimoja. Mkuu wangu alizitazama akasema, chumba hicho kina mzunguko mzuri wa hewa.

Nafurahi, Dada. Sijui kwa nini nalala vibaya.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Machi

Kitinda,

Mimi mzima. Hati imebandikwa getini ndani ya kioo. Meneja alitununulia soda, kila mtu na yake, jambo ambalo halijatokea tangu kiwanda kijengwe. Wenzangu wanakusalimu, wanasema mdogo wa Pua ana adabu.

Umetia sahihi, imekwisha. Acha kuchokonoa. Mtu aliyepata majibu mazuri hulala.

Dada yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kwa Mkaguzi,

Shikamoo. Hunijui kwa jina, ila yule aliyekuuliza kama pampu inarekodi maneno ndiye mimi. Mezani naitwa Kibiriti, kwa sababu nawaka upesi, na leo nimewaka. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha yako ambayo Dada Pua aliiacha kabatini. Akijua nimekuandikia hatanisemesha mwaka mzima, lakini liwalo na liwe.

Atakuambia ameteguka. Hakuteguka. Jumatano iliyopita alikuwa anashuka ngazi za stoo na kreti tupu, mguu haukunyanyuka. Niliona kwa macho yangu. Ncha ya kiatu iliburuta ngazi kama kiatu hakina mtu. Ameshuka ngazi tisa kwa mgongo. Alipofika chini akainuka akasema, "Nani kamwaga maji hapa?" Palikuwa pakavu kaka yangu, pakavu kama karatasi hii. Siku mbili akalala nyumbani, siku ya tatu akarudi mezani na bandeji, anapaka gundi.

Na si yeye tu. Mimi nina miaka ishirini na minne na siku hizi vifungo vya blauzi ananifunga mama yangu. Mama Pacha anayekaa kushoto kwangu akienda kuoga hupima maji kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, maana vidole havimwambii kitu. Tulijaza Hapana kwa sababu Dada Pua alisema tujaze Hapana, na ukisema Ndiyo unahamishwa kufunga maboksi, na huko ni mshahara wa nusu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatujafika kifo lakini njia tumeishika.

Kuna jambo la zile pampu. Tuliapizana, kwa hiyo sitalisema mimi. Muulize mwenyewe. Muulize zilikuwa wapi.

Naitwa Kibiriti

*

Tarehe 7 Aprili

Dada,

Shikamoo. Jumapili uliniambia kwa simu kwamba umeteguka kwa kukanyaga jiwe. Sasa najua hapakuwa na jiwe. Usimtafute aliyeniambia, mimi ndiye wa kulaumiwa, kwa sababu niliiona kandambili na nikakubali kwamba imechoka.

Umeniandikia barua tatu, zote zinaanza kwamba u mzima. Nimekasirika, na sijawahi kukukasirikia wewe, kwa hiyo sijui hata inafanywaje. Nimeshinda nikizunguka meza yangu ya ofisini kama kuku aliyekosa pa kutagia.

Nina swali moja tu, na nakuomba unijibu kama vile mama angekuwa amekaa kati yetu. Tarehe 21 Februari, kuanzia saa tano mpaka saa tisa u nusu, pampu zilikuwa wapi?

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Aprili

Kitinda,

Leo siandiki kwamba mimi mzima.

Zilikuwa dirishani. Ukuta wa nyuma kuna dirisha moja linalofunguka, na chini yake kuna kamba ya kuanikia aproni. Ulipofunga mlango, kabla hujafika ngazi ya mwisho, nilisema "vueni". Tukazitundika zote kwenye kamba ile, mipira yake tukaielekeza nje, na feni tukaigeuza ipulize kutoka nje kuja ndani. Zikavuta hewa ya barabarani kwa muda wa saa nne na nusu. Mama Pacha alikaa mlangoni kusikiliza. Uliposimama kwa mtunza stoo kuaga tulikuwa tumeshazivaa. Umesema namba zimelingana kama tulikalia kiti kimoja. Nilipoisoma ile barua nilijua huyu atafika tu.

Meneja hakutuma mtu. Msimamizi hakujua. Ni mimi. Ile habari ya joto na kulegeza nguo ni kweli, huwa tunalegeza, lakini sikukutoa kwa sababu ya nguo. Nilijua mtu pekee unayeweza kumwondokea ni mimi, nikalitumia hilo. Nilidhani nawaokoa wenzangu na kufuli, na nilidhani nakuokoa na wewe, usije ukaitwa aliyemfungia dada yake kiwanda. Nilijiona mjanja kweli siku ile.

Sasa hili lingine, ambalo hata Kibiriti halijui. Ndiyo, najua ni Kibiriti, nani mwingine. Mimi sinusi kitu. Mwaka mmoja na miezi sasa. Iliondoka polepole, kwanza sabuni, halafu moshi, halafu gundi yenyewe. Nikaanza kuhesabu. Nikishaweka kiatu cha mwisho nahesabu mpaka mia moja na arobaini, siku ya mvua mia moja na themanini, ndipo nasema bandika. Wote wanadhani nanusa. Hakuna soli iliyong'oka. Kwa hiyo hizo barakoa wangeweza kuvaa siku zote hizo, na kazi isingeharibika hata kidogo, na mimi nilijua, na sikusema, kwa sababu Pua asiyenusa hana kazi. Kibiriti amekaa mkono wangu wa kulia miaka mitatu akiwa wazi uso mzima. Hilo ndilo linalonila, kuliko pampu.

Nilikwenda hospitali baada ya kuanguka. Daktari alinigonga goti kwa kinyundo, mguu ukatulia, hata haukujali. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaweka kinyundo chini. Anasema nikiacha gundi sasa hivi mishipa inaweza kurudi, polepole, mwaka au zaidi. Miezi miwili mitatu ya kwanza nitazidi kuwa mbaya, nisitishike, ndivyo inavyokwenda. Nikiendelea nitatembelea gongo, na ipo siku hata gongo sitalishika.

Nimefikiri hivi. Ukisema habari ya pampu, watauliza mkaguzi alikuwa wapi, na wewe ulishatia alama. Kazi yako hiyo niliitolea jasho, sikubali ikupotee kwa ujanja wangu. Basi nyamaza. Mimi nitavumilia mpaka Desemba nichukue kiinua mgongo, nitoke kimya kimya. Hawa wengine nitawaambia kidogo kidogo wavae barakoa. Wewe hukuona kitu, mimi sikuandika barua hii. Ichome.

Dada yako

*

Tarehe 18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikuichoma. Iko ndani ya koti langu, na hakuna aliyeiona wala atakayeiona nisiporuhusiwa na wewe.

Lakini siku ileile nilipoipokea, kabla sijakujibu, kwa makusudi ili usipate nafasi ya kunikataza, nilimwandikia mkuu wangu. Nimemwandikia langu tu: kwamba sikuwepo chumbani kwa muda wa saa nne na nusu, kwamba nilitia alama ya uongo, na kwamba kipimo kile hakifai. Nimetia sahihi. Aliisoma nimesimama mbele yake. Akauliza, kwa nini ulitoka? Nikasema, kwa heshima. Akaniambia heshima haina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Nimepewa onyo la maandishi na nimeondolewa uwanjani kwa mwaka mmoja. Niko masjala, napanga mafaili. Vumbi linanifanya nipige chafya, vinginevyo ni kazi isiyo na lawama. Wifi yako anasema afadhali nawahi nyumbani, na unamjua, haoni shida kunicheka.

Desemba hapana. Nimehesabu, wewe si wa kuhesabu peke yako: ni miezi minane. Daktari alisema sasa hivi. Sasa hivi ya daktari si Desemba. Na Kibiriti hana kiinua mgongo cha kusubiri.

Ila sikiliza, jambo halijaisha vizuri. Meneja wenu amejibu barua ya ofisi. Anasema namba ni namba, mkaguzi hakuwepo lakini pampu zilikuwepo, na kwamba mkaguzi ana ugomvi wa kifamilia na mfanyakazi mmoja wa pale. Anataka hati ibaki. Anayo hoja, kwa sababu hakuna mtu wa chumbani aliyesema kitu. Ofisi itatuma mama mmoja kutoka makao makuu, tarehe 5 Mei. Atapima upya kama mtu wa ndani atamweleza kwamba kipimo cha kwanza kiliharibiwa. Pasipo maelezo hayo atasaini na kuondoka, hati itaning'inia getini miaka miwili, na nyinyi mtaivuta hewa hiyo miaka miwili.

Sikuombi useme. Ninayo mamlaka ya mafaili tu. Nakuambia ili ujue anakuja kuuliza nini.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Mei

Kitinda,

Marahaba. Naandika nimekaa kitandani, mchana kweupe, kwa sababu leo Jumatatu hakuna kazi. Chumba cha gundi kimefungwa. Nitakueleza yote kwa mpangilio, usirukie mwisho kama ulivyokuwa unafanya na vitabu vya shule.

Kabla ya siku yenyewe niliwaambia wenzangu kwamba nitasema. Niliwaambia na habari ya pua. Nilitegemea watanionea huruma, mjinga mimi. Mama Pacha aliniambia, "Wewe una mdogo wako serikalini, sisi tuna nani?" Kibiriti naye, bora angewaka. Alinitazama tu halafu akaivuta barakoa yake kutoka shingoni akaivaa, taratibu, huku ananitazama. Siku nne hakuna aliyenipa hata salamu. Wakakubaliana wote kumi: kama Pua atasema, aseme peke yake, sisi tutasema amechanganyikiwa tangu aanguke.

Huyo mama wa makao makuu ni mfupi, mnene, amevaa raba. Aliingia saa moja na nusu, kabla yetu, tukamkuta amekaa kwenye kreti. Msimamizi akamletea kiti, akakataa. Saa tano Mama Pacha akamwambia kwa adabu zote kwamba sisi hapa hulegeza nguo. Akasema, "Legezeni, wanangu, hata mimi nasikia joto," akafungua vifungo viwili vya gauni lake, akaendelea kukaa. Nilimtamani awe amekuja mara ya kwanza, usikasirike.

Basi akauliza kama kuna mwenye la kusema juu ya kipimo cha Februari. Nikasimama, nikashika meza, nikasema lote. Kamba ya aproni, feni, nani alikaa mlangoni sikumtaja. Akaandika. Akawageukia wengine: ni kweli? Mama Pacha akasema, "Huyu dada alianguka, mama, kichwa hakijatulia." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Msimamizi alikuwa mlangoni, akatabasamu. Mimi nikakaa. Nilikuwa nimekuponza wewe, nimejiponza mimi, na hewa ni ileile. Nakuambia ukweli, nilitaka kulia na sikutaka wanione.

Yule mama hakubishana na mtu. Alimwambia msimamizi atoke afunge mlango. Akatuita tuliofikisha miaka mitatu mezani, watu saba, akatukalisha kwenye benchi, tukavua viatu. Akasema tufumbe macho. Yeye atapita na uzi mgumu, kama unywele wa burashi, atagusa vidole vya miguu, na kila atakayeguswa aseme "hapo". Hakuna jibu baya, alisema, hapo au si hapo. Tukafumba.

Tukakaa. Nilisikia feni, na lori likirudi nyuma barabarani. Nikasikia raba zake zikisogea, nikadhani anajipanga. Tukakaa zaidi. Benchi ilikuwa ngumu na jasho lilikuwa linanitiririka. Mwishowe Kibiriti, unamjua hana subira, akasema, "Mama, tumechoka kufumba, unaanza lini?"

Akajibu, "Nimeshamaliza, mwanangu. Nimewagusa wote, mara tatu tatu."

Hakuna aliyefumbua macho haraka. Mimi nilipofumbua nilimwona Mama Pacha ameinama, anatazama miguu yake, ameishika kwa mikono miwili anaifinya, anaifinya, kama anaiamsha. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Niliyekaa mlangoni ni mimi. Lete hiyo karatasi."

Wametia sahihi wote kumi na mmoja.

Dada yako